Risala kwa Mgeni Rasmi: Usiku wa Kumkumbuka Rubani Edward "Butch" O'Hare, 26 Novemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wazee wetu, kina mama, vijana na watoto mliofika,

Karibuni nyote. Kikundi chetu cha Waswahili wa Chicago wanaosoma historia ya urubani kinakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuitikia wito wetu usiku wa baridi kama huu.

Wengi walio ukumbini humu waliingia nchi hii kupitia uwanja wa O'Hare, na tiketi zao zikaandikwa ORD. Herufi hizo hazimhusu kabisa mtu tunayemkumbuka. Zimebaki kutoka jina la zamani la uwanja, Orchard. Jina lake yeye liliwekwa 1949, miaka sita baada ya ndege yake kupotea Bahari ya Pasifiki.

Edward Henry O'Hare alizaliwa St. Louis tarehe 13 Machi 1914, akahitimu chuo cha jeshi la majini la Marekani 1937. Sifa zake zilianza mchana, si usiku. Tarehe 20 Februari 1942 aliilinda meli ya kubeba ndege Lexington akiwa peke yake, maana bunduki za mwenzake zilikwama. Mbele yake kulikuwa na kundi la ndege za Kijapani aina ya Mitsubishi G4M, ambazo Wamarekani waliziita Betty. Ndege yake ya kivita, aina ya Wildcat, ilikuwa na bunduki nne, kila moja risasi 450. Ukibonyeza kitufe bila kuachia, zote zinakwisha kwa sekunde 34 hivi. Kwa hiyo alifyatua kwa vipande vifupi, akilenga injini. Wakati ule alihesabiwa kuangusha ndege tano. Uchambuzi wa baadaye ukasema tatu. Hata tatu kwa risasi zile ni hesabu ya kutisha. Rais Roosevelt alimtunuku Nishani ya Heshima Aprili mwaka huohuo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Novemba 1943 O'Hare alikuwa kamanda wa kundi la ndege la meli Enterprise, karibu na Visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni sehemu ya Kiribati. Betty zilikuwa zimebadili mbinu. Zilikuja jua likishazama, zikiruka chini karibu na maji, zikadondosha mianga ya parachuti ili meli zionekane kama vivuli, kisha zikarusha topedo, yaani makombora yanayopita majini. Meli ikijibu kwa mizinga, mimweko yake yenyewe inamwonyesha adui ilipo.

Dawa iliyobuniwa ilikuwa ndege tatu zinazoruka pamoja: Avenger moja na Hellcat mbili. Hellcat, ndege ya kivita ya rubani mmoja, ilikuwa na mbio na bunduki sita, lakini haikuwa na rada. Avenger ilikuwa na rada, lakini ilikuwa nzito, ndege ya kubeba topedo yenye watu watatu: rubani, mpiga bunduki katika kibanda cha kioo kinachozunguka mgongoni, na mtu wa rada ndani ya tumbo la ndege. Kazi ilikwenda hivi. Ofisa mwongozaji aliyekaa mbele ya rada ya meli anaisogeza Avenger jirani na adui kwa redio. Mtu wa rada ndani ya Avenger anaichukua kazi hapo, anampa rubani wake mwelekeo na umbali hadi wafike nyuma ya adui. Hellcat, zilizoshikamana na Avenger ubavuni, zinatafuta kwa macho moto wa ekzosi wa Betty. Wakiuona, wanachomoka na kupiga.

Kwenye karatasi mpango huu hauna kasoro. Tatizo lake ni kwamba macho yamo katika ndege moja na meno katika nyingine, na gizani hivyo viwili lazima kwanza vikutane.

Jioni ya 26 Novemba havikukutana. Hellcat ya O'Hare na ya mwenzake, Warren Skon, zilirushwa zikatumwa kufuata shabaha kabla ya kuungana na Avenger ya John Phillips. Bila rada, hazikupata kitu. Avenger, ambayo hakuna aliyeitegemea kupigana, ndiyo iliyoangusha Betty mbili. Baada ya hapo wakaanza kutafutana. Rubani anayetoka kwenye mwanga huhitaji kama nusu saa macho yake yazoee giza, na mwanga mmoja mkali unafuta yote hayo. Ndege isiyo na taa huwezi kuiona hata ikiwa jirani yako. Ikabidi Avenger iwashe taa. Taa inayomwongoza mwenzako haichagui nani mwingine aione.

Karibu saa 1:30 usiku Hellcat mbili zilikuwa zinajipanga, moja kila upande. Mpiga bunduki wa Avenger akaona ndege ya nne nyuma yao. Akafyatua, na ile nayo ikafyatua. Hellcat ya O'Hare ikatoka kwenye mpangilio, ikashuka, ikamezwa na giza. Skon alimwita redioni bila jibu. Asubuhi walitafuta, hawakupata hata kipande. O'Hare alikuwa na umri wa miaka 29.

Kwa miaka mingi ilinong'onwa kwamba aliuawa na risasi za upande wake. Watafiti waliopanga upya nafasi za ndege zile wanaona mpigaji alikuwa Betty, na sisi tunakubaliana nao. Kilichofuata ni kwamba rada ilihamia kwenye ndege ya kivita yenyewe: mapema 1944 Enterprise ilibeba Corsair zenye rada kwenye bawa, rubani mmoja, bila kusubiri mtu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tunakuomba mambo mawili. La kwanza, utusaidie kupata mbao nyembamba, rangi na taa ndogo za betri ili vijana watengeneze ndege hizi tatu kwa kipimo cha 1 kwa 20: mabawa ya Hellcat yatakuwa sentimita 65, ya Avenger sentimita 83. Taa ni za lazima, kwani bila kuzizima na kuziwasha hakuna mtoto atakayeelewa shida ya kukutana gizani. La pili, utuombee kwa wahusika maelezo ya Kiswahili kando ya Wildcat inayoonyeshwa uwanjani O'Hare. Ile si ndege yake. Iliopolewa kutoka Ziwa Michigan, walikofanyia mazoezi marubani wa majini, ikapakwa rangi za ndege yake. Wapitaji wengi hawalijui hilo.

Tunaomba kuwasilisha.