Barua ya Wazi kwa Kaka Yangu Mchumi

Mbukwa, kaka.

Tumesikia kwamba umepata uprofesa, na hapa nyumbani tumefurahi kwa dhati, maana tunajua ulikotoka. Tasnifu yako kuhusu mpango wa karanga wa Kongwa niliisoma yote, na hadi leo naiona kuwa kazi yako bora: jinsi Waingereza walivyoanza kufyeka mapori kwa matrekta mwaka 1947, wakashindwa na udongo mgumu na mvua zisizoaminika, hadi mpango ukafutwa mwaka 1951 ukiwa umekwisha kumeza takriban pauni milioni 36. Uliwalaumu kwa kutowasikiliza Wagogo wenye ardhi yao.

Ndiyo maana siku ile ya dodoso hainitoki moyoni.

Ulikuja na wadadisi wako, ukitusimulia habari za Angus Deaton, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2015, na jinsi umaskini unavyoweza kupimwa kwa kufuatilia kile ambacho kaya inakula na kutumia. Nilikuelewa, tena nilikubaliana nawe. Mdadisi akamuuliza mama ni vyakula gani vililiwa nyumbani katika siku saba zilizopita. Mama, akiwa ameketi kwenye kigoda na majirani wamemzunguka, akajibu kwamba tulikula wali na nyama. Ukamkatiza ukiwa umesimama nyuma yake: "Mama, sema ukweli, wiki nzima mmekula ugali wa uwele na mlenda." Binti yule akafuta, akaandika upya. Mama akajitanda khanga vizuri, akajibu yaliyobaki kwa sauti ya chini: mbuzi wangapi, debe ngapi za mtama, nyumba ni ya bati au ni tembe.

Najua utaniambia kwamba takwimu za uongo huzaa sera mbovu. Ni kweli, lakini ungeweza kumsahihisha mdadisi jioni, pembeni, na dodoso lako lisingepungukiwa na kitu. Wafundishe wanafunzi wako kwamba swali la chakula huulizwa faragha, kwa sababu mama wa Kigogo hawezi kutangaza mbele ya watu kwamba chunguni mwake hamna kitu.

Nayasema haya nikiwa ndiye niliyebaki naye. Mimi ndiye niliyemuuguza, niliyeuza ng'ombe kwa ajili ya matibabu yake, na niliyekubaliana na wazee azikwe bila kukusubiri. Unawaambia ndugu kwamba nilikunyima haki ya kumzika mama yako. Ulikuwa ng'ambo, hujapata hata tiketi, na mama mwenyewe alikuwa ameusia asilazwe mochwari akimngoja mtu. Ningeamua vivyo hivyo hata leo.

Mizabibu yako naipalilia, na fedha ya mavuno nimekuwekea. Njoo kabla ya mvua za Desemba tugawane shamba mbele ya wazee, na siku hiyo uwaambie majirani walewale kwamba ulimkosea mama.