Kabla hujafanya ule mtihani wa bima

Pangani, Nairobi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Hongera, shoga, kwa kuitwa mahojiano na mtihani kwenye kampuni ya bima! Idara ya madai inakufaa, wewe uliyezoea kuhoji watu mpaka wanatoa jasho.

Ile orodha ya maneno ya Kiingereza uliyonitumia nimeipitia. Shida yake ni kwamba kila neno umelibandikia neno moja la Kiswahili, basi "damage" na "injury" yote yamekuwa "madhara". Ukiulizwa tofauti utasema nini? Jiulize kwanza: jambo hili limempata nani, au limepata nini?

Unajua hapa kwenye sacco, chama chetu cha matatu, mimi ndiye mwandishi wa ripoti za ajali. Matatu ikigongwa, mlango ukabonyea na taa ikapasuka, naandika "damage". Abiria akiteguka bega, naandika "injury". Kitu kina lake na mtu ana lake. Sasa angalia "damages", yenye s mwishoni: hiyo ni fidia, pesa ambazo korti inaamuru mtu alipwe. Kwa hiyo gari likiharibika mahali kumi, bado utaandika "damage" bila s. Hapo wengi huanguka. "Wound" nayo ni jeraha la kukatwa au kuchomwa, kwa kawaida kwa kisu au risasi. Aliyevunjika mfupa bila ngozi kupasuka ana "injury" tu. Ukishikwa na shaka chumba cha mtihani, andika "injury", kwa sababu ndilo pana zaidi.

Viungo vya mwili pia vichunge. Mkono wetu unaanzia begani hadi vidoleni, lakini wao wanaukata kwenye kifundo: sehemu ya juu ni "arm", kiganja na vidole ni "hand". Mguu vilevile, "leg" na "foot". Kuna kondakta wetu alivunjika mfupa kati ya kiwiko na kifundo. Daktari akaandika "arm", yeye kwenye fomu yake akaandika "hand". Faili likarudishwa kwamba maelezo hayapatani, na jamaa akakaa na plasta yake akingoja pesa. Wewe ndiwe utakayesoma mafaili kama hayo, tafadhali uwe na huruma.

Maneno ya pesa hayatakusumbua, maana Kiswahili kimeshakugawia: nauli ni "fare", faini ni "fine", na karo ya shule, sawa na malipo ya wakili, ni "fee". Ongeza "toll" tu, ile wanayotoza ukipita kwenye Expressway, barabara ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands iliyofunguliwa mwaka wa 2022.

Wizi ndio ninaoupenda. Abiria akichomolewa simu mfukoni bila kuhisi, hiyo ni "theft". Akitolewa kisu aambiwe "leta simu", ni "robbery", kwa kuwa nguvu au vitisho vimetumika. "Burglary" ni ya kuvunja na kuingia, na hapa Kenya Kanuni ya Adhabu inataka iwe nyumba ya kuishi tena iwe usiku. Usiku wenyewe umepimwa: kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa kumi na mbili unusu asubuhi. Mwizi akivunja mlango saa kumi alasiri, kosa linaitwa "housebreaking". Fikiria jambazi anayetazama saa kabla ya kushika nondo! Lakini bima wanaweza kukubali moja na kukataa jingine, kulingana na mkataba ulivyoandikwa, kwa hivyo usiyachanganye.

Kamusi nene uiache huko huko Garissa. Nina nakala za fomu tupu za madai hapa nyumbani, tutazijaza pamoja jioni mbili tatu kabla ya siku yako, na nitakuwa mkali. Basi likikufikisha Eastleigh nipigie, nitakuja kukuchukua, usikubali mtu wa boda akutoze anavyotaka. Na kama mama ana maziwa ya ngamia ya ziada, mimi sijakataa.

Wako,
Rehema