Kwa nini pampu inazima wakati tangi halijajaa

"Fundi, pampu yenu imezima tena na tangi liko nusu!" Simu za namna hii tunazipokea sana, hasa mtandao ukisumbua. Mara nyingi pampu haina ubaya wowote. Sisi ndio tumeiagiza izime.

Kihisi cha maji kiko kwenye tangi, pampu iko kisimani, na kati yao kuna laini ya simu tu. Kila sekunde 30 kihisi hutuma kipimo. Bando likiisha au mnara ukizima, kidhibiti kule kisimani, yaani kifaa kinachowasha na kuzima pampu, hubaki na namba ya mwisho kilichoipata, tuseme asilimia 60. Namba haioti mvi. Saa nzima baadaye bado inasomeka 60, na maji yanamwagika kwa jirani.

Piga hesabu. Tangi lako ni la lita 10,000 na pampu inasukuma lita 100 kwa dakika. Likifika asilimia 95 zimebaki lita 500, yaani dakika tano tu. Hapo kipimo cha dakika sita zilizopita ni hadithi. Kwa hiyo kipimo kikipita umri wa sekunde 90, tunazima, hata kama kinasema tangi ni tupu.

Umri huo tunauhesabu tangu maji yalipopimwa, si tangu ujumbe ulipofika. Mtandao ukirudi, vipimo vilivyokwama huingia kwa mkupuo, na kilichofika mwisho kinaweza kuwa ndicho kikongwe kuliko vyote. Basi kila kipimo husafiri na saa yake. Saa hizo nazo hupotea: za bei nafuu hukosea sekunde moja na nusu hivi kwa siku, karibu dakika nzima kwa mwezi. Tunazirekebisha kila siku kupitia mtandao, pande zote mbili. (Ukiona ripoti imeandika 05:00 na wewe unajua ilikuwa saa mbili asubuhi, usishtuke. Mtambo unatunza UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na kuhesabu saa kwa Kiswahili haujafundishwa.)

Halafu kuna panya. Kwenye kihisi cha volti 0 hadi 10, waya ukitafunwa husomeka sifuri, yaani tangi tupu, na pampu inakimbia usiku kucha. Sisi tunafunga cha miliampea 4 hadi 20. Tangi tupu ni 4, kwa hiyo sifuri haiwezi kuwa maji. Ni waya umekatika, na kidhibiti kinalijua hilo. Bei yake iko juu kidogo, na wateja huomba tuweke kile kingine. Hapo hatukubali.

Taa ya njano ikiwaka, angalia bando kwanza. Ukihitaji maji kwa haraka, swichi ya mkono iko ubavuni mwa boksi, lakini muweke mtu pale kwenye tangi hadi uizime.