Kilimanjaro si kilele tu, andikeni na ya Marangu

Mhariri,

Kila likizo ya Desemba ikikaribia, magazeti hutoa kurasa za safari, na zikifika Kilimanjaro picha huwa ile ile: watu wamejifunika hadi puani, wamesimama penye ubao wa mita 5,895, wameinua bendera. Sina ugomvi nao. Lakini mimi na wenzangu wa hapa Kisauni tulikwenda mlimani bila kukanyaga kilele wala kukitamani, na tuliyoyakuta hayaandikwi vya kutosha kwa msomaji wa Pwani, ambaye mlima ule uko karibu naye kuliko anavyodhani.

Njia yenyewe haina shida. Ukitoka Mombasa ukafika Voi unakata kushoto, unapita Mwatate na Taveta mpaka mpakani Holili, ambako maafisa wa Kenya na Tanzania wako kituo kimoja. Pasipoti au hati ya muda ya kusafiria iwe mkononi, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano pia, maana huulizwa. Kutoka Himo gari linaanza kupanda kuelekea Marangu Mtoni, kijiji cha Wachagga mlimani, na kabla hujamaliza kufunga vioo, joto la Taveta limekwisha.

Kijiji hicho hakina uwanja katikati wala nyumba zilizobanana. Kila ukoo umekaa ndani ya kihamba chake: migomba juu, kahawa chini ya kivuli cha migomba, magimbi na mboga chini ya kahawa, na miti mikubwa ya asili imeachwa isimame katikati ya yote hayo. Ng'ombe hafungwi malishoni, yumo bandani nyuma ya nyumba, na majani analetewa na kina mama. Samadi yake hurudi kwenye migomba. Mpaka wa jirani na jirani ni safu ya isale, mmea ule ule ambao jani lake hupelekwa kwa mtu uliyemkosea ukitaka kumwomba radhi, naye, kwa mila yao, si vyema akatae. Mzee aliyetutembeza alituonyesha mifereji ya maji inayoitwa mifongo, iliyochimbwa na mababu kutoka kwenye vijito vya msituni, ikapita kando ya miteremko hadi mashambani. Kila ukoo una zamu yake ya maji, na kusafisha mfongo ni kazi ya wote. Mwaka 2011 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliuingiza mfumo huu wa vihamba, kwa mfano wa Shimbwe Juu, katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Sisi tunaokata minazi na miembe yetu yote ili kujenga vyumba vya kupangisha tungefaidika kupita pale siku moja na kutazama tu.

Mtori, ile supu nzito ya ndizi, tulikula mpaka tukashindwa kuinuka. Mbege, pombe yao ya ndizi na ulezi, tuliikataa kwa adabu, tukaletewa kahawa iliyotwangwa na kukaangwa pale pale jikoni. Hakuna aliyenuna.

Wapo watakaouliza Mombasa inahusikaje na Uchagani. Johannes Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai, hapo juu yetu tu, ndiye Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameona theluji kwenye mlima huo, tarehe 11 Mei 1848. Wasomi wa jiografia London, William Desborough Cooley mbele yao, walimkatalia kwa miaka mingi, kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Msafara wa Rebmann uliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za bara. Na Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, aliandaliwa safari hapo hapo Marangu kwa Mangi, yaani mtawala, Marealle, na kijana wa kijiji, Yohani Kinyala Lauwo, anakumbukwa huko kuwa kiongozi wake. Watoto wetu wanalijua jina la Meyer. La Lauwo ni wachache, na la Bwana Kheri sijalisikia darasani hata mara moja.

Sasa mlima. Asiyetaka kupanda hadi juu anaweza kuchukua mwongozaji, akaingia lango la Marangu asubuhi, akatembea msituni hadi vibanda vya Mandara kwenye mita 2,700 hivi, akarudi jioni. Msitu una unyevu, umejaa mbega weusi kwa weupe wanaoruka juu ya kichwa chako bila kukujali. Kutoka Mandara ni mwendo mfupi hadi kreta ya Maundi, na hapo miti inakatika. Mbele yako ni nyika ya baridi, majani makavu na vichaka vinavyoning'inia nyuzi za kijivu, vilele vya Kibo na Mawenzi juu yake, na ukigeuka unaziona tambarare za kwetu Kenya.

Sisi tulilala, kesho yake tukaendelea hadi vibanda vya Horombo, mita 3,720, tukageuzia hapo. Huko mchana ni kiangazi na usiku ni barafu, siku zote za mwaka, na mimea imejifunza kuishi hivyo. Kuna senesio mkubwa, mrefu kuliko mtu, asiyeangusha majani yake yaliyokufa. Yanabaki yamelizunguka shina kama blanketi, na yale mabichi ya juu hujifunga jioni kukinga chipukizi. Lobelia nayo hukusanya maji katikati ya majani yake. Usiku maji huganda juu, na kichipukizi kilicho chini hakipati madhara. Nimeishi na mikoko na minazi maisha yangu yote, na sijaona mmea uliojipanga hivyo dhidi ya usiku mmoja tu.

Kuhusu kilele nina neno. Sisi tunaolala usawa wa bahari tukipandishwa haraka, kichwa huuma, chakula kinakataliwa, na dawa ya kweli ni kushuka. Wanaowauzia vijana wetu safari ya mbio kwa kuwa ni nafuu hawawatendei haki. Wala hawawatendei haki wapagazi, ambao kanuni za hifadhi zinataka mzigo wao usizidi kilo 20. Ukiona mpagazi wako amevaa kandambili penye barafu, muulize aliyekuuzia safari. Na majaketi mazito hayana haja ya kununuliwa dukani: mitumba ya soko la Kongowea inayo tele, kwa kuwa hapa hakuna anayeyataka.

Barafu ya juu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na hilo ndilo linalotangazwa. Maji ya vijito vya Marangu, hata hivyo, hutegemea zaidi msitu unaopokea mvua na kunasa ukungu, na msitu huo na vichaka vya juu yake ndivyo vilivyoungua Oktoba 2020, vikaungua tena Oktoba 2022. Wanakijiji na wapagazi walikuwa miongoni mwa waliopanda kuuzima moto. Jirani zetu wa Taveta, wanaomwagilia ndizi zao kwa chemchemi zitokazo chini ya mlima huo huo, wanaguswa moja kwa moja, nasi tunaokula ndizi hizo tumo.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mkituma mwandishi mara nyingine, mwambieni alale kijijini na aandike nauli, ada ya siku moja anayotozwa raia wa Afrika Mashariki, ambayo ni ndogo mno kuliko ya wageni, na namna shule za hapa zinavyoweza kupeleka wanafunzi. Januari na Februari ni kukavu. Masika njia huwa tope tupu. Wiki ya Krismasi msiende: Wachagga wote wa Dar es Salaam na Arusha wamerudi kwao, nauli imepanda, na hata mwenyeji anatafuta pa kulala.

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa