Barua kwa Zuhura kutoka Devizes, Uingereza

Mwanangu Zuhura,

Natumai hujambo na masomo yanakwenda vizuri. Mama yako anakusalimu sana. Mikono yangu ina malengelenge, lakini nakuandikia usiku huuhuu, maana mwinjinia wa nyumba hii ni wewe.

Tumekodi mashua ya mapumziko kwenye mfereji wa Kennet na Avon, ule unaounganisha Reading na Bristol. Upana wa mashua ni mita mbili tu, na mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita sita hivi kwa saa. Mama yako ndiye aliyeshika kana ya usukani, na anaiweza!

Leo tumepanda kilima cha Caen Hill. Hapo mfereji unapanda mita 72 ndani ya kilomita tatu hivi, kwa vyumba 29 vya maji alivyovibuni mwinjinia John Rennie. 16 vimefuatana mstari mmoja. Mashua ikishaingia chumbani, unafunga milango ya nyuma, unazungusha mkono wa chuma, vilango vidogo vya mbele vinafunguka chini kwa chini. Maji yanaingia kwa kishindo na mashua inainuka nayo. Yakishalingana na maji ya mbele, unaegemeza mgongo kwenye boriti ya mlango na kusukuma. Yasipolingana, hata muwe kumi hamfungui: milango miwili hukutana kwa pembe, ncha ikielekea maji yanakotoka, kwa hiyo maji yenyewe ndiyo yanayoibana. Injini haihusiki kabisa, na mpango huu ni wa tangu 1810.

Mfereji huu ulikaribia kufa, mwanangu. Reli ilinyakua mizigo, kampuni ya reli ikaununua mfereji wenyewe 1852, mwishowe vyumba vikaota vichaka. Waliounusuru ni watu wa kawaida, waliochanga pesa na kuingia topeni na majembe, hadi Malkia Elizabeth alipoufungua upya Agosti 1990. Nawaheshimu kuliko hata Rennie.

Hata leo tumesaidiwa na wazee wanaojitolea. Bibi mmoja alimwonyesha mama yako alama nyeupe ukutani: mashua inaposhuka, tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, isibaki nyuma ya alama hiyo, la sivyo itakwama juu ya kizingiti cha mawe huku maji yakipungua, na mashua itazama.

Ukija likizo, tutakishuka kilima hiki pamoja, na kana utashika wewe. Anza kushughulikia viza sasa hivi, na uniambie tarehe za mitihani ili nikodi mashua mapema.

Baba yako