YAH: PILIPILI YETU YA KILIMO HAI KUPIGWA DAWA BILA RIDHAA YETU

Wakulima wa viungo,
Tarafa ya Amani,
Muheza, Tanga.

Ndugu Meneja wa uwakala wa forodha na usafirishaji,

Septemba mwaka jana tuliwakabidhi magunia 500 ya pilipili manga, kilo 25 kila moja, myasafirishe hadi Hamburg. Kwenye maelekezo ya mzigo, ambayo afisa wenu aliyasaini mbele yangu, mstari wa kwanza unasema: MZIGO WA KILIMO HAI. USIPIGWE DAWA YA AINA YOYOTE. Tuliandika kwa herufi kubwa makusudi.

Ukapigwa dawa.

Hatukujua lolote mpaka mnunuzi alipofungua kontena, siku arobaini na kitu baadaye, maana meli nyingi wakati huo zilikuwa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya kukatiza Bahari ya Shamu. Akatutumia picha. Katikati ya magunia kulikuwa na vifuko vyenye unga wa kijivu, masalia ya vidonge vya fosfini, gesi ya kuulia wadudu. Maabara ya huko ikathibitisha. Pilipili hiyo haiuziki tena Ulaya kama ya kilimo hai. Mnunuzi ameichukua kwa bei ya pilipili ya kawaida, na hapo ametustahi.

Nilipopiga simu ofisini kwenu nilijibiwa, "Mama, kila kontena la mazao tunalipiga dawa, ndiyo utaratibu." Utaratibu wa nani? Mkaguzi wa TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, alitupa cheti cha usafi wa mimea bila kuagiza dawa, na mnunuzi hakuidai. Kilimo hai kina njia zake za kuua wadudu wa ghala, kama gesi ya kaboni dayoksaidi au baridi kali, na tungeombwa tungezigharamia. Wiki iliyofuata afisa mwingine akaniambia tatizo lilikuwa mbao za paleti, yaani majukwaa ya mbao yaliyobeba magunia. Paleti zile zote zina muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo, wenye herufi HT, yaani mbao zilishapitishwa kwenye joto. Na hata zisingekuwa nao, fosfini haimo kwenye orodha ya dawa zinazokubalika kwa paleti. Mtu wa forodha anapaswa kulijua hilo kuliko mimi mkulima.

Labda huko mjini pilipili ni gunia tu. Huku ni mtu juu ya ngazi, anachuma kishada kikishaonyesha punje moja mbili nyekundu. Kilo tatu mbichi zinatoa kilo moja kavu. Tunaanika juu ya vichanja, tunageuza, mvua ikinukia tunakimbia kufunika, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 12. Kabla ya hapo tulikaa miaka mitatu ya mpito, tukilima kwa masharti ya kilimo hai huku tukiuza kwa bei ya kila mtu.

Na ankara yenu ina mstari wa "kupiga dawa", tumetozwa. Ninakiri tuliilipa bila kuisoma mstari kwa mstari. Kosa hilo ni letu, lakini ni ushahidi pia.

Tunataka mtulipe tofauti ya bei, gharama za maabara na za ghala la Hamburg (vielelezo vimeambatishwa), na mturudishie fedha ya hiyo dawa. Zaidi ya fedha, tunataka barua yenye saini na muhuri inayosema kwamba nyinyi ndio mliopiga dawa, lini, wapi, na kwamba hatukuagiza. Kampuni inayotupa cheti cha kilimo hai imeanza uchunguzi, na bila barua hiyo tutaonekana sisi ndio tuliochezea mzigo. Cheti kikisimamishwa, wanachama wetu wote wanaanguka pamoja, hata ambao pilipili yao haikuwamo kwenye kontena hilo.

Barua hiyo tunaihitaji ndani ya siku 7, malipo ndani ya siku 30. Baada ya hapo mtawasiliana na mwanasheria wetu.

Mzigo wa pili, wa iliki na mdalasini, tuliokuwa tumewaahidi, umeshapata wakala mwingine.

Katibu,
kwa niaba ya wanachama