Risala ya Klabu ya Sayansi na Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Tunduma

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni, na karibuni sana.

Ndugu Mgeni Rasmi, njiani umepishana na malori ya mabamba ya shaba kutoka Zambia na Kongo, yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Tumekua tukiyaona. Mwaka huu tukajiuliza: shaba hii hutolewaje kwenye jiwe, na moshi wake huishia wapi?

Tanuri la kuyeyushia mawe ya shaba hutoa gesi ya salfa inayochoma vifua vya watu. Mtambo mzuri huinasa na kuigeuza tindikali, na tindikali hiyohiyo hutumika kulowekea mawe ya aina nyingine hadi shaba iyeyukie humo. Kisha umeme huivuta igande kwenye bamba. Chingola, Zambia, wanaitumia njia hii tangu miaka ya 1970. Hatua ya mwisho pekee hula takriban uniti 2,000 za umeme kwa kila tani.

Tulijaribu wenyewe. Tulinunua mrututu (chumvi ya buluu yenye shaba) duka la pembejeo, tukaukoroga kwenye maji, tukatumbukiza vijiti viwili vya kaboni vya betri kuukuu na kuviunga na paneli ndogo ya sola. Kijiti kimoja kikatoa mapovu, kingine kikaanza kuvaa wekundu. Wingu lilipopita, mapovu yakakoma. Hapo ndipo tulipoelewa masaibu ya jirani zetu: mwaka 2024 ukame ulipopunguza mno maji ya bwawa la umeme la Kariba, Zambia yote iliingia kwenye mgao. Umeme wa maji ni safi, ila unahitaji kusaidiwa na jua.

Kilichotufurahisha zaidi ni malori ya mgodi wa Kansanshi, karibu na Solwezi, Zambia. Yakipanda kutoka shimoni, hushika nyaya za umeme zilizo juu yake na kuokoa dizeli. Inatuuma kuona shaba ikifika hapa na kukaa foleni, injini zikinguruma. Reli ya TAZARA inapita mjini kwetu; tunaamini mizigo hii ingepandishwa huko.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu ina wanachama 34 na miwani moja ya kukinga macho, tunayopokezana. Tunaomba miwani, glavu, paneli kubwa kidogo, na utusaidie kupata vibali vya kwenda kuiona Kansanshi.

Tunaomba kuwasilisha.